Kofia Nyekundu Chini ya Ngazi

Kazi ya Lamara ilikuwa kukaa. Usicheke. Chini kabisa ya ngazi za umeme, katika kituo kimoja cha treni za chini ya ardhi pale Tbilisi, palikuwa na kibanda cha kioo, na ndani ya kibanda kiti, kipaza sauti, kitufe cha kusimamisha ngazi, na Lamara na kofia yake nyekundu ya kazi. Watu walitania kwamba Chama cha Kikomunisti kikikupenda kinakupa kibanda. Wangejaribu wao! Kutazama miguu ya watu ikiteremka tangu asubuhi hadi jioni, na kujua kabla ya mwenye mguu kwamba sasa hivi ataanguka, hiyo ni kazi.

"Wewe wa koti la kijani, hizo ni ngazi, si kochi la kwenu!" kipaza sauti kilifoka. "Simameni kulia! Kulia, kaka, mkono wa kulia ni ule unaoshika kijiko! Na wewe bibi harusi, pandisha gauni, meno ya ngazi hayajui harusi!"

Watu walicheka na kutii. Enzi hizo za Warusi kituo kilikuwa king'aavu, marumaru yanaoshwa kwa sabuni kila siku, taa za shaba zinasuguliwa, na ukitema mate askari anachomoza sijui kutoka wapi. Usafi ule ulikuwa na hofu ndani yake, na Lamara hakuona ubaya. Hofu inafagia vizuri. Shemeji yake aliwahi kufanya mzaha kidogo ndani ya behewa kuhusu wakubwa wa Moscow, akahamishiwa kufundisha shule ya milimani, akazeekea huko. Lakini behewa, jamani, lilikuwa safi.

Basi dola lile likafa. Watu waliimba barabarani, na Lamara aliimba nao, akalia machozi ya kweli, maana nchi ni nchi. Kisha ukaja msimu wa baridi. Umeme ukakatika, gesi ikakatika, mkate ukawa wa kupanga foleni tangu alfajiri. Mjini walizagaa vijana wenye bunduki, kila kundi na mkubwa wake, kila mkubwa na taifa lake la kulinda. Treni zilizimika katikati ya handaki, abiria wakatoka kwa miguu wakishikana mabega gizani. Balbu ziliibwa. Vishikio vya shaba viling'olewa. Watu walikojoa nyuma ya nguzo mchana kweupe, na hakuna aliyewafokea, kwa sababu kipaza sauti nacho hula umeme.

Wafagiaji waliacha kuja kwa kuwa hawakulipwa. Alibaki Zhuzhuna peke yake, bibi mfupi aliyejitanda mitandio mitatu, mmoja juu ya mwingine. Huyo alikuja kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na baridi kuliko kituoni.

"Lamara, vaa mtandio, masikio yatakatika," Zhuzhuna alimwambia kila siku. "Hiyo kofia ya nini? Serikali iliyokupa imezikwa, wewe bado unaiomboleza kichwani."

"Kanuni ni kanuni."

"Kanuni ya nani? Mtaje, nimpelekee salamu!"

 Mtandio Lamara alikuwa nao, wa sufu nyeusi, alioachiwa na bibi yake mzaa mama, umetundikwa nyumbani nyuma ya mlango. Lakini aliona kwamba akishavua kofia, yeye ni mwanamke tu anayekaa kwenye kisanduku cha kioo gizani, na hilo hakulitaka. Akachukua ndoo, akakinga maji yanayovuja handakini, na wawili hao wakawa wanapiga deki. Kituo kizima hawakukiweza. Walipiga deki pale chini ya ngazi tu, mbele ya kibanda, kipande cha kutosha watu kujua kwamba hapa kuna mwenyewe.

Sasa, Lamara alikuwa na mtoto mmoja, Gocha. Baba yake alikufa mapema. Kijana mrefu, mpole, aliyesomea ufundi wa redio, na redio zilipokosa umeme akaenda kuchukua bunduki kwa kijana mmoja aitwaye Jumberi. Jumberi alikuwa na gari, na akiwa na njaa alikula popote.

"Tunalinda taifa," Gocha alisema, akiweka mezani mfuko wa sukari na chupa ya mafuta ya taa.

Lamara aliitazama sukari. Hakuuliza ilikotoka. Ndiyo, hakuuliza, na wewe usiyewahi kukaa na koti ndani ya nyumba yako mwenyewe usimhukumu.

"Kula, mama," alimwambia mwanawe, maana kwetu mama humwita mtoto kwa jina lake yeye mzazi. Akamsogezea maharage na mkate wa mahindi.

Alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza, wasije wakamuua Gocha. Ya pili, Gocha asije akaua. Katika hizo mbili alijua ipi aliyoiogopa zaidi, na hakumwambia mtu, hata kanisani. Kila Gocha alipoingia alimtazama mikono, akanawa uso kwa maji ya baridi, akashukuru. Hilo tu ndilo alilolitaka kwa Mungu: kijana avuke msimu huu mikono yake ikiwa ile ile.

Siku yenyewe umeme ulirudi mchana. Taa chache zilizobaki zikawaka, ngazi zikakohoa, zikaanza kutembea, na watu waliokuwa wakipanda kwa miguu na madumu yao wakashangilia. Lamara na Zhuzhuna walikuwa ndio kwanza wamemaliza deki. Lamara akaingia kibandani, akapuliza kipaza sauti.

"Simameni kulia," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, namna ilivyokuwa kubwa.

Ndipo alipoiona miguu. Kwanza ya kijana mwenye raba, anateremka mbio upande wa kushoto, anawapiga watu vikumbo. Juu kabisa nyuma yake, jozi tatu za buti. Lamara alikuwa ametazama miguu maisha yake yote, na jozi ya tatu hakuhitaji kuitazama mara mbili. Ule mguu wa kushoto uliokuwa ukiburutwa kidogo ulivunjika Gocha alipoanguka kutoka kwenye mti wa tini akiwa mdogo. Yeye ndiye aliyembeba kumpeleka hospitali.

Habari ilikuja kujulikana baadaye, nayo ni ya kipuuzi. Kwenye foleni ya petroli Jumberi alitaka kupita mbele, na kijana mwenye raba, Tornike, akamzaba kofi mbele za watu. Kofi moja. Mwaka mwingine wangepelekana polisi, au wangenywa divai wakapatana.

Mkono wa Lamara ulikuwa juu ya kitufe. Kanuni inasema ngazi husimamishwa mtu akianguka, na hakuna aliyekuwa ameanguka. Tena zilijaa kina mama na madumu ya maji. Zikisimama kwa kishindo, wote wangeporomoka. Hayo aliyafikiria, au mkono uliyafikiria. Kisha akamkumbuka bibi yake wa milimani. Huko, wanaume wakichomoleana visu, mwanamke huvua mtandio wake akautupa katikati yao, na visu hushuka. Hata kama damu imeshaanza kutoka, hushuka. Mwanamume atakayeuvuka mtandio hana ukoo tena, hana kaburi la kuzikwa na watu wake. Bibi yake alifanya hivyo mara moja, uani kwa mkwewe, na alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kukanda unga.

Lamara akatoka kibandani.

Tornike alifika chini, raba zikagusa sakafu yenye maji, akateleza, akaanguka kwa ubavu. Buti zilikuwa ngazi chache tu nyuma. Lamara akasimama kati yao. Akapeleka mkono kichwani, akashika kilichokuwepo, akakivua, akakitupa.

Kofia nyekundu ilianguka juu ya marumaru, ikaviringika kidogo, ikatulia.

Na Jumberi akasimama! Nakwambia alisimama. Mshenzi yule, mwizi wa magari, aliyepigwa kofi hadharani, alisimama ukingoni mwa ngazi, akaitazama kofia, akamtazama mwanamke mwenye mvi zilizofumuka, na mdomo wa bunduki yake ukashuka mpaka ukaelekea chini. Kumbe naye alikuwa na bibi.

"Basi," akasema taratibu. "Tuondokeni. Ni mama wa mtu."

"Mama wa mtu nani?" wa pili akacheka, mmoja mwembamba mwenye meno mabovu. "Gocha, si mama yako huyu? Ee! Anatutupia kofia ya Warusi! Mtandio umemwishia?"

Gocha alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Lamara alimwona alivyokuwa na umri wa miaka saba, siku watoto wa uani walipomcheka kwa sababu mama yake anafokea watu kwenye kipaza sauti. Alitaka kumwita. Mdomo ulifunguka, na jina halikutoka.

"Hiyo si mtandio, mama," Gocha akasema. Hakumwambia kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayemrekebisha mzee aliyekosea kitu kidogo. "Hiyo ni kofia tu."

Akaivuka. Mguu wa kulia kwanza, kisha ule wa kushoto. Akapiga risasi moja.

Mlio ulikwenda handakini ukarudi. Kisha treni ikaingia, maana umeme ulikuwepo, na milango ikafunguka kama kawaida. Waliokuwa wanashuka walishuka, wakaona, wakapita pembeni. Waliokuwa wanapanda walipanda. Mwanamke mmoja aliokota dumu lake, akajipangusa magoti, akapanda naye. Jumberi alikuwa wa kwanza kukimbia.

Lamara alisimama palepale. Hakulia. Hakuna kilichokuja. Alihisi baridi masikioni tu, akafikiri kwamba Zhuzhuna alisema kweli, angevaa mtandio. Wazo hilo lilipita likaenda zake, na akawa anaitazama kofia bila kujua aiokote au aiache.

"Ingia ndani," Zhuzhuna alimwambia, akimshika kiwiko. "Ingia, dada. Mimi nitafanya."

Polisi walikuja wawili, mmoja na koti la kiraia, wamekasirika kuitwa kwenye baridi.

"Nani?"

"Sikuona," Lamara akasema. "Nilikuwa kibandani."

"Watu wanasema ulitoka nje."

"Nilitoka baadaye."

Zhuzhuna aliendelea kukamua tambara ndooni, hakuinua kichwa. Polisi waliandika kitu au hawakuandika, wakaenda. Kipande kile chini ya ngazi kilipigwa deki tena, mara nyingi, mpaka kikawa safi kuliko mahali popote katika mji mzima.

Jioni Gocha alikuja nyumbani. Alikaa mezani na koti lake. Lamara akapasha maharage, akaweka sahani.

"Kula, mama," akasema.

Gocha akala. Katikati akauliza kama kuna chumvi, naye akampa chumvi. Mikono yake ilikuwa imeoshwa. Wazee husema mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi. Haukatwi, unaoshwa, na maji yanamwagwa, na habari imeisha. Ndivyo Lamara alivyojiambia, na hakuhisi kitu.

Kabla arobaini haijatimia, mwanamke mwenye mavazi meusi alikuja kituoni, akagonga kioo cha kibanda. Alikuwa mama yake Tornike, jina lake Eteri, mshona nguo.

"Wameniambia," alisema, "kwamba katika watu wote waliokuwepo, ni mmoja aliyevua kofia kwa ajili ya mwanangu."

 Eteri aliushika mkono wake kupitia dirisha dogo, akaubusu.

"Uliwaona nyuso?"

"Kulikuwa na giza," Lamara akasema. "Sikuona."

Tangu hapo kila Pasaka, baada ya kutoka makaburini, Eteri alipitia kituoni na yai lililotiwa rangi nyekundu, akamwachia Lamara. Lamara alishukuru. Yai lenyewe hakulila hata mara moja. Alimpa Zhuzhuna, na Zhuzhuna alilimenya polepole akimwangalia usoni, akala.

Miaka ikaenda. Vijana wa bunduki wakatawanyika. Jumberi alikufa ugomvini huko nje ya nchi, na yule mwembamba mwenye meno mabovu hakuna aliyejua aliishia wapi. Gocha alioa, akanunua gari dogo, akawa anasambaza mikate kwenye maduka. Hakunywa sana. Alimbebea mama yake kuni, alimpeleka kwa daktari wa macho, alilea mabinti wawili wasiojua hata kelele. Ni mwana mwema, majirani walisema, na hawakukosea. Ila treni za chini ya ardhi hakupanda tena. Alisema handakini hapati hewa.

Kisha ikaja serikali nyingine, ya vijana waliosoma nje, na loo, ilikuja na ufagio! Polisi wa zamani wote wakafukuzwa, wakaletwa wapya, wenye mashati yaliyopigwa pasi, na vituo vya polisi vikajengwa kwa kioo ili kila mtu aone hakuna anayepigwa ndani. Treni zikapakwa rangi. Kamera zikatundikwa. Ukidondosha karatasi ni faini, na faini inalipwa benki, hakuna cha kuzungumza pembeni. Watu walirudi kusimama kulia bila kufokewa. Lamara, ambaye sasa alikaribia kustaafu, alikaa kibandani akitazama miguu iliyotulia, na wakati mwingine siku nzima hakugusa kipaza sauti.

Siku moja akaitwa kwenye jengo la kioo. Mpelelezi alikuwa binti mdogo, Tekla, mwenye adabu kweli, aliyemwita "shangazi" na kumletea chai mwenyewe. Ndani ya chumba alikuwa ameshakaa Eteri, katika mavazi meusi kama siku zote, macho yake yamefifia kwa kushona.

"Shangazi Lamara," Tekla akasema, "tunafungua mambo ya zamani. Tunajua wakati ule watu waliogopa, na hakuna atakayekulaumu kwa ulichosema wakati ule. Sasa hakuna wa kukutisha. Ukisema jina hapa, mtu huyo atakamatwa kwa sheria, atapata wakili, atahukumiwa kwa haki. Ni wewe peke yako. Yule mama wa usafi alishafariki."

Lamara alishika kikombe cha chai. Aliyafikiria maneno ya binti huyu, akaona kwamba yote ni kweli. Chini ya Warusi angenyamaza kwa kuogopa, na angelaumu Warusi. Msimu ule wa giza alinyamaza kwa kuogopa, au alisema hivyo, na alilaumu giza. Sasa palikuwa na mwanga kila upande, mpaka nje barabarani watu walionekana wakipita na mikate yao, na hapakuwa na wa kusingiziwa. Alisubiri uchungu uje umsaidie kuamua. Haukuja. Ulikuwa umeshindwa kuja tangu siku ile chini ya ngazi.

Eteri aliinama mbele. "Sema tu kama ulimwona, dada yangu. Mimi sitaki damu. Nataka kujua jina, nilijue nikiwa hai."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na hapo walikaa wazazi wawili.

"Sikuona," Lamara akasema.

Tekla akafunika kalamu yake. "Asante, shangazi," akasema, na alikuwa na huruma machoni, maana aliamini kwamba mzee huyu bado anaogopa.

Walitoka pamoja, wanawake wawili, wakashuka kwenye treni kwa sababu wote wawili walikwenda upande mmoja. Kijana mmoja aliinuka haraka akawapisha kiti. Behewa lilikuwa safi, lenye joto, sauti iliyorekodiwa ikitaja vituo. Walikaa bega kwa bega. Eteri alimshika mkono.

"Usijisumbue moyo," akasema. "Wewe ulifanya lako. Nilimwambia mwanangu pale kaburini, kuna mtu mmoja alikutetea. Miaka yote hii sikuwahi kukuuliza, nisamehe. Una mtoto?"

"Ninaye."

"Wa kiume?"

"Wa kiume."

"Mungu akukuzie," Eteri akasema, akaubusu mkono ule kwa mara nyingine. "Akukuzie mwanao, umwone anazeeka mbele ya macho yako."

Treni ikasimama, milango ikafunguka, watu wakasubiri wanaoshuka washuke kwanza.

"Amina," Lamara akasema.